Kutia dawa ya presha ya macho nyumbani ili presha ishuke kweli

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nimepewa chupa mbili, naanza na ipi?" "Tone limenipita shavuni, niongeze?" "Mbona natia dawa mwezi wa pili sasa na sioni nafuu?" Anayeuliza mara nyingi ametoka kliniki ya macho hapa Tanga, hospitali ya Bombo au kwa daktari binafsi, mkononi ana kimfuko chenye chupa ndogo, na maelezo ya dirishani yalimpita kwa sababu foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Nimeyaandika hapa kwa ajili yako wewe uliyeambiwa una glakoma, yaani presha ya macho, na kwa ajili ya mwanao au mjukuu anayekutilia dawa.

Shika hili kwanza: dawa haitakurudishia uoni uliokwisha kupotea. Kazi yake ni kushusha presha ndani ya jicho ili neva inayopeleka picha kwenye ubongo isizidi kufa. Ukitia dawa huku unangoja kuona vizuri zaidi, utachoka na utaiacha, na jicho litaendelea kufifia pole pole bila maumivu yoyote ya kukushtua. Kuona leo kama ulivyoona mwaka jana ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Dawa inashushaje presha

Kwa ufupi tu. Ndani ya jicho hutengenezwa maji masafi muda wote. Haya si machozi, wala hayatoki nje ukayaona. Yanazunguka mbele ya jicho, kisha yanachujwa na kuingia kwenye mishipa midogo ya damu. Kwa watu wengi presha hukaa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Njia ya kutokea ikibana, maji yanajaa kama karai lililowekwa chini ya bomba wazi na tundu lake limeziba. Matibabu yote ya glakoma yanafanya moja kati ya mambo mawili, au yote mawili: kupunguza maji yanayotengenezwa, au kuyapa njia ya kutoka.

Timolol, ambayo wengi wenu mnaanza nayo, hupunguza maji yanayotengenezwa. Hutiwa mara mbili kwa siku na kwa kawaida hushusha presha kwa asilimia 20 hadi 25. Dorzolamidi na brinzolamidi nazo hupunguza maji, na ndivyo vinavyofanya pia vidonge vya asetazolamidi, ambavyo mara nyingi hutolewa kwa muda mfupi presha ikiwa juu sana. Latanoprosti hufanya kinyume: hufungua njia ya pembeni ili maji yatoke, hutiwa mara moja tu, usiku, na hushusha kwa asilimia 25 hadi 33 hivi. Pilokapini hubana mboni na kuvuta wazi kile kichujio, na kwa sababu hiyo unaweza kuona giza kidogo na paji la uso likauma siku za mwanzo. Brimonidini inafanya yote mawili.

Kwa hiyo mtu aliyekutwa na 28 anaweza kushuka hadi 21 au 22 kwa timolol, na hadi 19 hivi kwa latanoprosti. Wapo wanaohitaji kushuka zaidi ya hapo, ndiyo maana unapewa chupa mbili. Daktari hupanga shabaha ya kila mtu kulingana na neva yake ilivyoumia, kwa hiyo namba za jirani yako zisikupe hofu wala raha.

Presha ya damu inayopimwa mkononi ni ugonjwa mwingine. Kuwa na 120 kwa 80 hakukuhakikishii kwamba macho yako salama, na kidonge cha presha ya damu hakichukui nafasi ya tone la jicho.

Vitu vya kuwa navyo

- Chupa yako mwenyewe, yenye jina lako. Msichangie chupa moja mtu na mumewe, hata kama mmeandikiwa dawa ileile.
- Maji na sabuni ya kunawa mikono.
- Kitambaa kisafi au tishu.
- Saa ya simu, ya kukukumbusha na ya kuhesabu dakika.
- Kalamu. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua.
- Mahali pa kukaa ukaegemea, au kitanda.

Na kabla hujatia tone la kwanza, hakikisha daktari anajua mambo haya. Una pumu, au uliwahi kuwa nayo utotoni? Moyo wako unapiga pole pole, au una ugonjwa wa moyo? Timolol huingia kwenye damu kupitia pua, na kwa mwenye pumu inaweza kubana kifua kwa namna ya hatari. Wengi hawasemi kwa kuona kwamba "ni dawa ya macho tu". Sema. Sema pia kama una mimba au unanyonyesha, una selimundu, au dawa za salfa huwa zinakudhuru, hasa ukiandikiwa asetazolamidi.

Hatua za kutia dawa

1. Nawa mikono kwa sabuni, ujifute. Vua miwani.

2. Soma jina kwenye chupa kabla ya kufungua. Chupa za dawa za macho zinafanana mno, hasa usiku taa ikiwa hafifu. Kama unatumia brinzolamidi, itikise vizuri, maana dawa yake hutuama chini.

3. Fungua kifuniko ukiweke ubavu juu ya kitambaa kisafi. Ncha ya chupa isiguse kidole, kope wala jicho. Ikigusa, inabeba vijidudu na kuviingiza kwenye dawa, nawe utajitia hivyo hivyo kwa wiki nne.

4. Kaa uegemee kichwa nyuma, au ulale chali. Mwenye mikono inayotetemeka alale tu, asijitaabishe.

5. Kwa kidole cha shahada cha mkono mmoja, vuta ukope wa chini kuelekea shavuni. Utapata kimfuko chekundu kati ya ukope na jicho. Hapo ndipo tone linapoingia. Usilenge mboni, kwa sababu jicho litafumba lenyewe na tone litakwenda shavuni.

6. Shika chupa kwa mkono wa pili, na mkono huo uuegemeze kwenye paji la uso ili utulie. Tazama juu, kwenye dari. Bonyeza chupa taratibu mpaka litoke tone moja.

7. Tone moja linatosha. Tone la chupa tayari ni kubwa kuliko kinachoweza kukaa ndani ya jicho, kwa hiyo la pili linamwagika tu. Ukilisikia limeingia, imetosha. Kama huna hakika kabisa, ongeza moja.

8. Fumba jicho taratibu, bila kukaza na bila kupepesa. Weka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho iliyo upande wa pua, ubonyeze kidogo, ukae hivyo dakika 2 hadi 3. Hapo pana kijitundu kinachopeleka machozi puani. Ukikiziba, dawa inabaki kwenye jicho badala ya kushuka kooni na kuingia kwenye damu.

9. Futa kilichomwagika kwenye ngozi, kisha rudia jicho la pili kama umeandikiwa yote mawili.

10. Kama una dawa ya pili, ngoja dakika 5 kamili, na ukiweza 10. Ukiitia papo hapo, ya pili inaisafisha ya kwanza na unakuwa umeipoteza. Ipi itangulie? Kama zote ni maji, yoyote ile, mradi usizichanganye. Kama moja ni nzito ya kupaka, hiyo iwe ya mwisho.

11. Funika chupa mara moja na uirudishe mahali pake.

Hatua ya 8 ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Mwambie bibi atie dawa mbele yako utaona: tone linaingia vizuri, anapepesa haraka mara kadhaa, anajifuta kwa ncha ya kanga, anasimama kwenda jikoni. Nusu ya dawa iko kwenye kanga. Mwambie aache kidole kwenye kona ya jicho dakika mbili tu, na ladha chungu aliyokuwa akilalamikia kooni kila siku itapungua au itaondoka kabisa.

Kwa asiyeweza kulenga kabisa ipo njia nyingine. Lala chali, fumba macho, mtu akudondoshee tone kwenye kona ya jicho upande wa pua. Kisha fungua jicho bila kuinua kichwa, na dawa itateremka yenyewe ndani. Baada ya hapo fumba ubonyeze kona kama kawaida. Watoto na wazee wengi hii ndiyo inayowafaa.

Muda

Timolol ya mara mbili ipe nafasi ya saa 12 hivi. Kwa waliozoea kuswali, baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi panafaa sana, kwa sababu hapa kwetu nyakati hizo hazihami sana mwaka mzima. Wengine wanaifunga na chai ya asubuhi na taarifa ya habari ya jioni. Latanoprosti iwe usiku kabla ya kulala, tuseme saa 3. Ukiitia mara mbili ukidhani utapona upesi, inashusha presha kidogo kuliko ukiitia mara moja.

Ramadhani isiwe sababu ya kuacha. Katika fiqhi ya Kishafii, ambayo wengi wetu wa pwani tunaifuata, dawa ya jicho haifunguzi, hata ladha yake ikifika kooni. Ukiwa na wasiwasi muulize sheikh wako. Na hata kama moyo wako hautatulia, tia timolol wakati wa daku na baada ya kufuturu: mpango wako umebaki uleule. Latanoprosti ya usiku haiguswi na saumu hata kidogo. Mwenye dawa ya mara tatu au nne kwa siku azungumze na daktari mwezi haujaandama.

Joto la Tanga na chupa yako

Latanoprosti ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kamwe isigandishwe. Ukishaifungua inaweza kukaa nje ya friji mahali pasipozidi nyuzi 25, kwa wiki 4 hadi 6 kulingana na karatasi yake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, chumba cha bati Makorora au Mabawa hakikai chini ya nyuzi 25 mchana. Kwa hiyo kama una friji, iache humo hata baada ya kuifungua. Kama huna, kubaliana na jirani au muuza duka mwenye friji akutunzie ile ambayo bado haijafunguliwa, na uliyofungua iweke ndani ya kimfuko cha nailoni, ndani ya kikombe, ubavuni mwa mtungi wa maji. Friji ina faida nyingine ndogo: tone likiwa baridi unalisikia linapoingia.

Timolol haihitaji friji, lakini jua inaliogopa. Usiibebe kwenye mfuko wa shati ukiwa juu ya bodaboda saa 7 mchana, na usiiache mbele ya kioo cha gari. Chupa ikitimiza wiki 4 tangu ifunguliwe, tupa, hata kama bado kuna kidogo. Najua inauma kutupa dawa ya kununua. Jicho lililopata usaha linagharimu zaidi.

Mambo yanayoharibu kazi yote

La kwanza, na ninaliandika kwa uchungu: dawa za macho zenye steroidi. Macho yanawasha, mtu anakwenda duka la dawa, anapewa chupa yenye deksamethasoni au betamethasoni, peke yake au imechanganywa na antibayotiki. Muwasho unapoa siku ileile, kwa hiyo anarudi kununua nyingine na nyingine. Dawa hizo zinaweza kupandisha presha ya jicho, na kwa aliye na glakoma ni kumwagia mafuta ya taa motoni. Kabla ya kununua dawa yoyote ya macho, soma viambato vyake, na umwambie muuzaji kwamba una glakoma. Vilevile maziwa, asali na maji ya majani usivitie machoni.

La pili ni kuruka dozi asubuhi ya kliniki. Umetoka Pangani au Muheza alfajiri, basi linaondoka, unajisemea utatia ukirudi. Ukipimwa, presha iko juu, daktari anadhani dawa haitoshi na anakuongezea nyingine usiyoihitaji. Tia dawa kama siku zote, na uende na chupa zako zote, hata tupu. Kama uliruka siku tano, mwambie ukweli. Hakuna atakayekuhukumu, na namba itasomeka vizuri.

La tatu ni kuacha dawa kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa ajili ya dawa. Ukiacha itapanda tena.

Leza na upasuaji

Wengine watauliza kama kuna njia ya kuachana na chupa. Ipo leza iitwayo SLT, ambayo hufungua kichujio cha jicho bila kisu: unakaa kwenye mashine, inachukua dakika chache, unakwenda nyumbani. Utafiti uliofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021 uliilinganisha na timolol ya asilimia 0.5 kwa wagonjwa wa Tanzania. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa kwenye asilimia 61 ya macho, timolol kwenye asilimia 31. Kwa maoni yangu kila mgonjwa wa glakoma ya kawaida anastahili kuuliza habari zake, hasa aliye mbali na duka la dawa. Jua tu kwamba nguvu yake inaweza kupungua kadiri miaka inavyokwenda, na kupima presha kunaendelea palepale.

Upasuaji hutengeneza njia mpya ya maji chini ya ngozi nyembamba ya jicho, upande wa juu, ukiwa umefunikwa na ukope. Aliyefanyiwa asisugue jicho hilo, na likiwa jekundu, likauma au kutoa usaha, hata kama ni miaka mitano baadaye, aende hospitali siku hiyohiyo.

Mambo yakienda kombo

*Inawasha ninapotia.* Kuwasha kwa nusu dakika ni kawaida, hasa kwa dorzolamidi. Kope zikivimba, zikiwa nyekundu na kuwasha mchana kutwa, huo ni mzio. Rudi kliniki ubadilishiwe.

*Kope zimekuwa ndefu na ngozi kuzunguka jicho imekuwa nyeusi.* Ni latanoprosti. Haina hatari. Futa ngozi kila baada ya kutia.

*Kifua kinabana, napumua kwa shida.* Acha timolol, nenda hospitali sasa hivi na chupa mkononi. Kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au mapigo ya moyo ya pole pole, nenda siku hiyohiyo.

*Vidole vinachonyota tangu nianze vidonge.* Asetazolamidi hufanya hivyo, na hukupeleka haja ndogo mara kwa mara. Mwambie daktari, lakini mara nyingi si jambo la kutisha. Upele wa ngozi ni jambo jingine: acha vidonge urudi haraka.

*Chupa inaisha kabla ya mwezi.* Chupa ya mililita 5 hutoa matone 100 au zaidi. Timolol macho yote mawili ni matone 4 kwa siku, kwa hiyo inapaswa kufika siku 25 angalau. Ikiisha siku ya 15, matone yanamwagika. Rudi hatua ya 5 na ya 6, au tafuta mtu akutilie.

*Nimesahau dozi.* Tia ukikumbuka. Kama ya pili imekaribia, ruka iliyopita uendelee na ratiba. Usitie matone mawili kufidia.

*Jicho linauma ghafla, jekundu, naona duara za rangi kwenye taa na natapika.* Usingoje asubuhi wala usitafute panado. Hii ni presha iliyopanda kwa kishindo, na saa chache zinaweza kuondoa uoni wote. Nenda hospitali usiku huohuo.

*Nina watoto na ndugu, nao wapimwe?* Ndiyo. Ndugu wa tumbo moja na watoto wana hatari kubwa kuliko watu wengine. Wakishafika miaka 40 wapimwe hata kama wanaona vizuri, na waseme wazi mlangoni kwamba nyumbani kuna mwenye glakoma, ili neva iangaliwe pia, kwani ubao wa herufi peke yake hauionyeshi.

*Dawa imeisha na duka halina ile ya kampuni yangu.* Nenda na chupa tupu, uonyeshe jina la dawa yenyewe na asilimia yake, kwa mfano timolol 0.5. Chupa ya kampuni nyingine yenye jina na asilimia hizohizo inafaa. Chupa yenye kifuniko cha rangi ileile lakini jina tofauti, iache dukani. Na usisubiri tone la mwisho ndipo utafute: zikibaki siku 7, anza kuulizia.